Ubao wa Funguo

6 Juni

Mdogo wangu,

“Mtu asiye na hatia hana haja ya kujua sheria; sheria yenyewe itamjua.” Umeandika hivyo, tena ukapiga mstari chini yake. Nimeisoma sentensi hiyo mara nne, kwa jicho lile lile ninalosomea kurasa za majaribio hapa kiwandani kabla hazijachapwa, na kosa lake si la herufi. Sheria haimjui mtu. Sheria ni karatasi iliyolala kabatini. Anayekujua ni askari. Askari ana mkubwa wake. Na mkubwa wake ana jalada la wizi ambalo mwezi mzima sasa halina jina la mtu. Jalada lisilo na jina lina njaa. Wewe umelipelekea chakula na chumvi juu.

Hebu tuyapange uliyoyasema mwenyewe. Ghala la nafaka la mtaa wenu limeibiwa magunia, na kufuli halikuvunjwa. Askari wawili wakaja kibandani kwako kwa kuwa wewe ndiye mchonga funguo pekee mtaani. Hawakuwa na hati ya upekuzi. Hukuwauliza majina. Ukawaambia “karibuni, samahani kwa vumbi”, ukawavutia viti, kisha, bila kuulizwa, ukafungua pazia ukawaonyesha ubao.

Ubao. Miaka yote hii sikujua kwamba unao. Kila ufunguo uliomchongea mteja ukachonga wa pili, ukautundika kwenye msumari, na wenye milango hukuwaambia. Nitakugombeza kwa hilo siku nyingine, na nitakugombeza vizuri. Leo nina haraka.

Wakirudi, waulize majina yao na kituo chao, uandike mbele ya macho yao. Waulize hati. Kama hawana, sema kwa adabu, jirani akisikia, kwamba hukubali kupekuliwa. Kisha kaa kando. Usimshike askari mkono wala usizibe mlango kwa mwili wako, maana hapo ndipo watakapopata kesi ya kweli. Wakisema uende nao, uliza: nimekamatwa, au ninaalikwa? Kama ni mwaliko, unaweza kukataa. Kama umekamatwa, wana wajibu wa kukuambia kwa kosa gani, na ndugu zako wajue ulipo, na wakili umpate, na hakimu akuone ndani ya muda uliowekwa. Katikati ya hayo yote una haki ya kunyamaza. Kunyamaza si kiburi na si kukiri.

Na usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma wewe, kwa macho yako, mpaka nukta ya mwisho. Miwani huwa unaiacha nyumbani juu ya redio. Nakujua.

Usinipigie simu kuhusu habari hii. Maneno ya simu huenda na upepo, au huenda kwa mtu usiyemtaka. Andika, mpe dereva wa basi.

Dada yako,
Pilipili

*

10 Juni

Dada Pilipili,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikajikuta nimesimama wima, nikadhani niko kwenye gwaride. Mke wangu amecheka mpaka akashika mbavu. Anasema wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa umeshanyongwa mara mbili.

Umechelewa kidogo, lakini usiogope. Walirudi Jumamosi, na mambo yalikwenda kistaarabu. Sajini mwenyewe ni mteja wangu. Mlango wake wa nyuma nimeutengeneza mimi. Waliomba kuuazima ubao kwa uchunguzi, nikasema hewala. Mambo ya makaratasi tuliyamaliza kwa dakika mbili. Miwani ilikuwa nyumbani kweli, juu ya redio kweli, mchawi wewe. Ila sajini alinisomea mwenyewe, neno kwa neno, kwamba mimi fulani nimekabidhi ubao mmoja wenye funguo. Ana sauti nzuri, angefaa kusoma taarifa ya habari.

Utaniuliza kwa nini nachonga wa pili. Unamkumbuka yule mtoto wa jirani aliyejifungia ndani na jiko linawaka? Mlango tuliuvunja kwa shoka, na tulikawia. Toka siku ile kila mlango unaopita mikononi mwangu nauwekea akiba. Mara tatu nimeokoa watu. Mama mmoja aliyeanguka bafuni nilimfungulia kabla hajamaliza kuita. Watu wakasema fundi ana mikono ya ajabu, anafungua mlango kwa waya. Sikuwasahihisha, dada. Sifa ni tamu.

Tena si kwamba naweka hovyo. Kwenye ubao hakuna jina hata moja. Kila ufunguo una picha niliyoichora mwenyewe: jagi, kuku, ngazi, mwezi. Mwizi akiuiba ubao wote ataiba vyuma tu, kwa sababu kitabu chake kiko kichwani mwangu. Sajini aliuliza, “Huyu kuku ndiye nani?” Nikamjibu, “Ni kuku, afande.” Mimi nilicheka. Wao hawakucheka.

Waliubeba ubao watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kama jeneza. Fundi cherehani wa mbele yangu alisimamisha mashine, akatazama mpaka walipoupakia kwenye gari. Hakuniuliza kitu. Naye amezoea kuniuliza hata nimekula nini.

Kuna jambo dogo tu. Tangu jana mtu mwenye kofia ya kijivu anakaa kwenye benchi la mshona viatu. Viatu vyake havina tatizo. Nimevitazama, soli mpya. Nimegeuza mashine yangu ili mgongo wangu uelekee ukuta. Pengine ni joto tu.

Nakusalimu sana. Punguza chumvi, punguza na magazeti.

Mdogo wako,
Fundi

*

13 Juni

Wifi,

Wamemchukua. Jana saa nne asubuhi, watatu pamoja na yule wa kofia ya kijivu. Alikuwa anachonga ufunguo wa muuza mayai, mashine inazunguka. Aliuliza kama ulivyomwandikia, nilimsikia kwa masikio yangu: “Nimekamatwa, au ninaalikwa?” Wakacheka. Mmoja akasema, “Unakuja kutusaidia dakika tano.” Akanigeukia akasema, “Mke wangu, zima mashine.” Dakika tano hizo zimelala usiku mzima, na sasa ninapoandika ni adhuhuri.

Simu wamechukua yake na yangu. Hawakusema kituo gani.

Nilikwenda kwa fundi cherehani anisindikize. Amefunga dirisha, na mashine naisikia ndani inakwenda. Nilikwenda kwa muuza mayai. Akaniambia hivi, na sauti ilikuwa ya upole, ndiyo iliyoniumiza: “Shoga, mumeo miaka yote analala na mlango wangu kichwani mwake. Mimi nina mabinti. Nitakusindikiza vipi?” Kumbe mtaa mzima unajua habari za ubao. Dukani komeo zimekwisha. Kila nyumba ninayopita nasikia nyundo. Benchi la kibanda nimelikuta mtaroni.

 Mimi mwenyewe ubao nilikuwa naupangusa vumbi, na sikuwahi kuuliza.

Miwani yake iko hapa, juu ya redio. Nimeogopa kuigusa.

Niambie niende wapi.

Wifi yako

*

15 Juni

Wifi yangu,

Pole. Usikae. Kaa baadaye.

Nenda kituo cha kwanza, wakisema hayupo nenda cha pili, wakisema hayupo nenda cha tatu. Usiende peke yako. Kama mtaa umefunga madirisha, mchukue mama yako mzazi, avae vizuri, asiseme neno, awe tu mtu wa pili aliyeona. Chukua daftari na kalamu mbili. Kila kituo andika saa uliyofika, jina la askari wa kaunta, na jibu alilokupa. Akikataa kutaja jina, andika namba iliyo begani au kifuani. Kama hana, andika sura yake. Andika ukiwa mbele yake, polepole. Kalamu inayoandika polepole huwafanya watu wakumbuke adabu.

Sema: “Naomba kujua kama jina la mume wangu limo kwenye daftari la mahabusu.” Usiseme “nisaidieni”. Hiyo si hisani. Uliza kosa. Uliza lini anapelekwa mahakamani, maana muda wa kisheria unakwenda na kila siku mnayoikaa ni siku wanayoiiba. Usitoe hata senti ya “chai”; leo utamnunua mlangoni, kesho watakuuzia tena. Usimpigie mtu kelele. Ukiona machozi yanakuja, maliza maswali kwanza.

Mpelekee miwani. Hiyo kuliko chakula. Mwambie kwa maneno haya haya: asitie sahihi nyingine, na asijibu lolote bila wakili. Karibu na mahakama yenu kuna ofisi ya mawakili wa msaada, wanaokaa ghorofani juu ya duka la vitabu. Nimeuliza, hawadai malipo. Wape daftari lako walinakili.

Hiyo karatasi aliyosomewa na sajini inanikosesha usingizi. Mtu anayekusomea karatasi yake mwenyewe anasoma anachotaka usikie.

Mimi nitakuja kazi ikipungua. Tunachapa vitabu vya shule, na msimamizi hatoi ruhusa.

Pilipili

*

18 Juni

Wifi,

Nimempata. Yuko kituo kile kile cha kwanza, walikoniambia hayupo. Baada ya kuzunguka vyote vitatu nilirudi kwa ukaidi tu. Nikasema maneno yako kama mtoto anayekariri. Askari wa kaunta alifungua daftari, akapitisha kidole, jina halimo. Mama akakohoa. Nikaanza kuandika. Basi yule askari akachukua kalamu, akaliandika jina la mume wangu pale pale mbele yetu, na tarehe ya leo. Ya leo, wifi, si ya siku waliyomchukua. Nimeandika hilo nalo, na mama ameweka dole gumba chini yake.

Walinipa dakika kumi. Amekonda. Nikimsemesha anageuza kichwa anipe sikio la kulia. Niliuliza la kushoto lina nini. Akasema, “Limepumzika.” Alipovaa miwani alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bei.

Karatasi aliyotia sahihi wamemwonyesha. Imeandikwa kwamba alichonga ufunguo wa ghala na akawapa watu asiowajua. Chini kuna jina lake kwa mkono wake.

Wanataka jambo moja, nalo si lile la ghala. Sajini anamwekea ubao mbele kila asubuhi, anasema, “Tusomee, utoke.” Kuku nani, jagi nani, ngazi nani. Nilimwambia, “Baba watoto, wasomee. Hao majirani wenyewe wamelitupa benchi lako mtaroni.” Akanijibu polepole, hivi: “Nikisoma, nitakuwa nimewapa funguo za nyumba mia moja na arobaini. Yule mama wa bafuni anaishi peke yake. Mimi nilikosea kuzichonga. Sitakosea mara mbili.” Kisha akasema, “Mwambie dada kunyamaza ni kazi ngumu kuliko alivyoandika.”

Na hili la kifundi, alinirudishia mara tatu nisilisahau: kufuli lililo mezani kwa sajini, wanalosema ndilo la ghala, yeye hajawahi kulichongea ufunguo. Alilolichongea ni la zamani, tundu pana, meno manne. Hilo la mezani ni jipya, meno sita, halina hata kutu.

Wakili wa ghorofani amelichukua daftari. Amepeleka maombi mahakamani. Jumatatu tarehe 24 lazima wamlete mbele ya hakimu. Anasema pasipo shahidi wa kusema ubao ulichukuliwaje, na wa kusema habari ya kufuli, ni neno la mume wangu dhidi ya sahihi ya mume wangu.

Sasa nakuuliza wewe, kwa heshima zote. Barua zako ni nzuri. Mama amesema zingefaa kutiwa kwenye fremu. Lakini hiyo kazi haipungui miaka yote? Kwenye arusi yetu haikupungua, kwenye msiba wa baba haikupungua. Kwa basi ni mwendo wa saa saba tu. Njoo, au niambie kwa nini huji.

Wifi yako

*

19 Juni

Wifi yangu,

Vitabu vya shule vilimalizika mwezi uliopita. Hakuna msimamizi aliyenikatalia.

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, mliambiwa nimelazwa kwa homa ya tumbo. Sikuwa hospitali. Nilikuwa katika chumba kisicho na dirisha, siku kumi na moja, kwa ajili ya kikaratasi kimoja kilichochapwa kiwandani kwetu. Walitaka jina la aliyekiandika. Niliyakariri yote ninayokuandikia: majina, hati, wakili, kunyamaza. Siku ya kumi na mbili nilitia sahihi. Sikusoma, na miwani nilikuwa nayo. Karatasi ilimtaja mpanga herufi wetu, mtu mpole, hakuwa ameandika hata mstari. Alifungwa miaka minne. Alipotoka alikuwa akinisalimu kwanza.

Makala zote nilizochapa tangu hapo, ugomvi wangu wote na wakubwa, nimekuwa nikipigana na sahihi ile. Kwa karatasi mimi ni simba. Lakini kituo cha polisi, wifi, siwezi hata kupita upande wake wa barabara. Nikiona geti la buluu nageuza njia.

Mdogo wangu amefikisha siku ya saba leo na hajasoma ubao. Usimwambie niliyokuandikia. Au mwambie, sijui.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Utaniona natetemeka. Usinicheke mpaka Jumatatu ipite.

Pilipili

*

22 Juni
Imebandikwa kwenye mlango wa kibanda cha fundi funguo

Kwa wenye milango wa mtaa huu,

Mimi ni dada yake. Nimefika jana. Nimegonga kwenu nyumba ishirini na mbili, nikafunguliwa tatu, kwa hiyo nimeona niandike.

Mnasema: “Angekuwa mwema asingetuficha.” Kweli. Alichonga funguo zenu bila ruhusa yenu, na kila mmoja wenu ana haki ya kumdai jibu usoni. Mlaumuni. Nitasimama kando, na mkichoka nitaendelea mimi. Lakini mnachosema baadaye, kwamba kwa hiyo yanayompata yanamstahili, hicho nakikataa hapa mlangoni kwake. Kosa lake kwenu halimpi sajini ruhusa ya kumsomea karatasi moja na kumfanya atie sahihi nyingine. Leo ni siku ya kumi hajawatajia askari hata yule kuku wa ubaoni ni wa nani. Komeo mlizonunua ni nzuri. Bora kuliko komeo hizo ni mtu mmoja aliyenyamaza, na sikio lake moja limeshalipia.

Mnaogopa. Najua. Ninapoandika haya kuna mtu wa kofia ya kijivu ng'ambo ya barabara, na mwandiko wangu mnauona ulivyo. Sikuombeni msiogope. Nawaombeni mje na woga wenu, mkae nao kwenye benchi la mahakama.

Jumatatu tarehe 24, saa tatu asubuhi, chumba cha pili.

Fundi cherehani, ulisimamisha mashine ukatazama. Njoo useme ulichokiona: watu wangapi, ubao ulibebwaje, kama kuna karatasi yoyote waliyoionyesha kabla ya kuingia. Hujaulizwa zaidi ya macho yako.

Mshona viatu, ulimkalisha yule mtu siku tatu. Njoo useme kama alikuletea kiatu.

Muuza mayai, mashine ilikuwa inachonga ufunguo wako walipoingia. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwake. Aliwauliza swali, nao wakamjibu. Njoo uyaseme yote mawili, swali na jibu.

Nawe mwenye ghala. Kufuli lililo mezani kwa sajini ni jipya. Lile la zamani, la tundu pana, nililiona jana likifunga choo cha wafanyakazi wako. Kama hilo jipya ndilo lililokuwa mlangoni usiku wa wizi, basi la zamani ulilibadilisha kabla yake, na funguo za hilo jipya zilitoka nalo dukani zikaingia mfukoni mwako. Ulimpa nani nyumbani kwako, sikuulizi. Huenda ndilo jibu unaloliogopa, na hilo ni lako na watu wako. Mimi nakutaka kwa jambo moja. Ling'oe lile la chooni, chukua na risiti ya hili jipya, ubebe mwenyewe, usimtume mtu, umwambie hakimu lipi ni lipi na lini.

Dada wa fundi